Tasnifu ya Familia Moja

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wangu ameagiza kila mtafiti awe na shajara ya uwandani, aandike aliyoyaona kabla hayajapoa. Nimeweka mbili. Moja ya kumwonyesha yeye, yenye "kwa mujibu wa" na "ilibainika kuwa". Hii nyingine ni yangu. Humu hakibainiki kitu, humu nasema tu.

Darasani tunamwita Bwana Kwa Nini, kwa sababu ndicho anachoandika pembeni mwa kila ukurasa kwa kalamu nyekundu. Hata ukimwandikia kwamba jua huchomoza mashariki, atakuuliza. Leo amekubali mada yangu: jinsi wanawake katika karakana ndogo wanavyosuluhisha migogoro kazini. Kiwanda cha sabuni kilinikataa, hospitali ikaniambia nirudi baadaye, na mwenye hoteli akaniuliza nimetumwa na nani. Nimeishia kwa Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, mwenye karakana ya sare za shule. Hakusita hata kidogo.

"Njoo mwanangu, karakana ni yako. Uliza unachotaka."

Nikimaliza tasnifu hii nimemaliza shahada. Nisipoimaliza najua pa kwenda, na hapo pa kwenda ndipo panaponinyima usingizi. Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 6 Machi

Ngoja niieleze karakana, maana nimeijua miaka yote na sijawahi kuitazama.

Ni chumba kimoja kirefu uani kwa Mama Mdogo. Cherehani zimepangwa mistari miwili, na kila fundi ana kipande chake: huyu kola, yule mifuko, mwingine pindo. Mama yangu ni mikono. Anashona mikono ya mashati asubuhi hadi jioni, na tangu aingie mle hajawahi kushona shati zima. Mlangoni yuko Bi Pasi, mwanamke mpana mcheshi anayepiga pasi na umbea kwa mkono mmoja. Mwisho kabisa wa mstari, karibu na dirisha, anakaa Vifungo. Jina lake jingine hakuna anayelikumbuka. Anashona vifungo, na vile vya chuma vya makoti anavigonga kwa nyundo yake ndogo yenye makucha nyuma ya kung'olea vilivyoingia upande. Hasemi sana. Mimi wananiita Profesa, na wakiniita hivyo wanacheka wote.

Nimesema dirisha. Lilikuwa dirisha. Mwaka juzi wezi walipenyeza mikono wakavuta robota zima la kitambaa, na Mama Mdogo akalipigilia mbao. Sasa hewa inaingia kwa mlango peke yake, na mlangoni kuna pasi.

Jambo jingine: Mama ndiye dada mkubwa, lakini wakishavuka kizingiti cha karakana mambo yanageuka. Mle ndani Mama anamwita mdogo wake "Bosi", na Bosi anamwita dada yake "fundi wa mikono". Jioni wakitoka, mmoja anarudi kuwa dada na mwingine mdogo mtu, wanachambua mchele pamoja. Tangu baba afariki tunaishi kwake, vyumba viwili vya nyuma. Mama Mdogo si mtu mbaya. Naliandika hili mapema nisije nikalisahau.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua kutwa. Mama kaniuliza nitaanza lini kuwahoji mafundi. Nikamwambia Jumatatu. Akasema, "Anza Jumatano." Sikuuliza kwa nini.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefurahi mpaka naona haya. Nimeketi stoo, juu ya marobota, simu ikinasa sauti, na mafundi wanakuja mmoja mmoja. Nilitegemea wangekuwa wagumu. Wapi! Wamemwagika kama maji. Bi Pasi alikuja amejipaka poda.

"Tukikwaruzana," akasema, ameiegemea simu kama anaongea na mtu mbali, "tunamalizana kabla jua halijatua. Sisi hapa ni familia moja. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nimeiandika hiyo kwa wino mzito. Hiyo ni nukuu ya kufungulia sura.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza mahojiano yote. Wenzangu chuoni wanalia kwamba watu hawataki kusema, mimi wangu wamesema hadi nimewaomba wapunguze. Mama pia nimemhoji, rasmi kabisa, nikamwita "mhojiwa". Alijinyoosha kwenye robota akajibu kwa sauti ya kanisani. Nilitaka kucheka nikajibana.

Jumanne, 18 Machi

Nanakili sauti za mahojiano. Mvua. Mgongo.

Jumamosi, 22 Machi

Kuna kitu hakiko sawa.

Nimefika kwa fundi wa mifuko, naye anasema kidole kimoja hakivunji chawa. Haya, ni methali ya watu wote. Fundi wa kola: familia moja, kabla jua halijatua, kidole kimoja. Fundi wa pindo: kidole kimoja, familia moja, kabla jua halijatua. Amegeuza mpangilio tu. Nikarudi kwa mama yangu mzazi, naye vilevile, kwa ile sauti ya kanisani. Nikajiambia labda kweli ni familia moja, watu wakikaa pamoja wanasema kama mmoja. Nilikuwa hata nimeanza kuandika aya juu ya "lugha ya pamoja ya kikundi". Jamani, nilivyokuwa najiona msomi!

Halafu nikaicheza sauti ya Bi Pasi hadi mwisho. Siku ile nilidhani nimeizima simu, kumbe bado. Nasikia robota likilalamika anapoinuka. Kisha sauti yake, ya chini, ya kawaida, siyo ile ya poda:

"Nimesema vizuri? Mama yako alisema nisisahau cha kidole."

Na mimi, mpumbavu, nasikika nikicheka na kumwambia, "Umesema vizuri sana, Bi Pasi."

Jumapili, 23 Machi

Nilimngoja Mama amalize kufua. Nikamchezea ile sauti. Alisikiliza huku anakamua shuka, hakuliachia.

"Bi Pasi mdomo wake!" akasema.

"Mama, uliwapanga?"

"Tulikaa Jumatatu na Jumanne wakati wa chakula, tukasaidiana. Kwani vibaya? Mtihani ni mtihani. Wewe ulitaka kila mtu aje na lake, mmoja aseme hivi mwingine vile, uchanganyikiwe, ufeli?"

"Ndiyo utafiti wenyewe huo, Mama! Kila mtu na lake!"

"Ungesema mapema basi."

Nilikasirika nikaingia ndani nikabamiza mlango, na vyumba vyetu hivi mlango ukibamizwa na sufuria zinaanguka. Alinifuata. Akakaa kitandani, mikono bado inachuruzika maji.

"Nisikilize. Mle ndani hakuna hata mmoja asiyetaka upite. Hata Vifungo ambaye hapendi mtu amejifunza yale maneno. Unajua kwa nini? Kila mwaka Bosi ananiambia, dada, mtoto akikwama shule cherehani ipo. Anasema kwa upendo. Lakini sitaki ukalie kiti mle. Pita, uende. Kama ni dhambi iwe yangu."

Nilishindwa kumkasirikia na nikashindwa kuacha kukasirika. Nimelala mchana kutwa nikitazama dari. Nina mahojiano ya watu wengi na nimemhoji mtu mmoja, naye ni mama yangu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Sijaenda chuo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimejaribu kuanza upya. Nimemwomba Mama Mdogo niwahoji tena mafundi, nikamwambia sauti zimeharibika. Alikuwa anahesabu kola huku kalamu iko mdomoni.

"Mwanangu, shule zinafunguliwa Mei. Watoto waende uchi? Mtu akiinuka kwenye cherehani sasa hivi namkata yeye kola." Kisha akacheka, akanishika shavu. "Andika hivyo hivyo ulivyosikia. Si walikwambia vizuri?"

Jioni nilimvizia Vifungo akitoka, nikamfunika na mwavuli wangu tukatembea hadi njia panda. Nikamwambia najua waliambizana. Nikamwomba aniambie yake.

Aliruka dimbwi, akarudi chini ya mwavuli.

"Hatugombani," akasema. "Hilo ni kweli. Ukigomba mle utamgombea nani? Ukimgombea mwenzako Bosi anasikia. Ukimgombea Bosi uko nje. Kwa hiyo tunanyamaza, na joto linatupika, na mimi kifua hiki tangu walipofunga lile dirisha hakijawahi kukaa sawa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa usiandike."

"Mbona?"

"Karakana ni moja, mwanamke wa vifungo ni mmoja. Hata ukiniita mhojiwa namba ngapi sijui, Bosi atanijua kwa kikohozi. Wewe utapata shahada, mimi nitapata nini?"

Akatoka chini ya mwavuli akaenda zake kwenye mvua. Nimerudi nikiwa na ukweli mkononi, na ni ukweli niliokatazwa kuuandika. Nikiandika uongo nimepita. Nikiandika ukweli nimemfukuzisha mtu kazi. Nikisema sina kitu, muhula umekwisha na mimi mle ndani, kwenye kiti karibu na Mama.

Ijumaa, 4 Aprili

Bwana Kwa Nini amerudisha rasimu. Sura ya nne imejaa "vizuri" na "vizuri sana", kitu ambacho hakuna mtu darasani amewahi kukiona. Pembeni mwa nukuu ya Bi Pasi ameandika swali lake: *Kwa nini wote wanasema kidole?*

Nimejibu chini kwa penseli: mshikamano wa kikundi. Nimeandika kwa mkono huu huu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekabidhi. Karani wa idara alipiga mhuri bila kuitazama. Mama Mdogo alikuwa ameomba nakala, nikampelekea. Ameipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua haijakata. Kuta za chumba zinatoka jasho. Nguo zinanuka uvundo hata ukizianika jikoni. Sina cha kufanya ila kungoja utetezi wa tasnifu mbele ya watahini, na kungoja kunachosha kuliko kuandika.

Jumatano, 23 Aprili

Karakana inafanya kazi hadi Jumapili. Mama anarudi macho mekundu, anakula akiwa amesimama kwa sababu akikaa hainuki. Nikamwambia apumzike. Akaniambia, "Wewe nawe umeanza kusuluhisha migogoro?" Tukacheka. Ni mara ya kwanza tumecheka tangu siku ya shuka.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya utetezi.

Mtahini wa nje ni mama mmoja mfupi, miwani imening'inia kifuani, sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko ukali. Alifungua sura ya nne akakaa nayo.

"Umefanya kazi safi," akasema. "Karibu safi mno. Hakuna hata mmoja aliyetofautiana na mwenzake?"

Bwana Kwa Nini alinitazama. Mlango wa kusema ulikuwa hapo, wazi kabisa. Nikamfikiria Vifungo. Hapana, nisijidanganye humu pia: nilifikiria kiti.

"Hapana," nikajibu. "Wana mshikamano mkubwa."

Wamenipitisha, tena kwa alama ya juu. Sharti moja dogo: niongeze aya moja ya mipaka ya utafiti, mwisho wa mwezi nikabidhi nakala iliyojaladiwa. "Aya tu," mtahini akasema, "useme utafiti wako haukuweza kuona nini." Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la maegesho, nikamwambia Mama kwa simu. Alipiga kigelegele, na nyuma yake nikasikia karakana nzima ikiitikia. Nikakata simu nikalia, na aliyeniona alidhani nimefeli.

Jumatatu, 12 Mei

Vifungo ameanguka leo kazini.

Nilikuwa uani nafua. Nikasikia cherehani zinanyamaza, zote kwa pamoja, na karakana hainyamazi hivyo bure. Walimtoa wamembeba, kamasi na jasho, uso una rangi ya jivu. Bi Pasi alimpepea kwa kola ambazo hazijashonwa. Alipopata pumzi akakohoa kikohozi kimoja kirefu, halafu akasema anataka kurudi ndani, makoti hayajaisha.

Mama Mdogo alikuja mbio. Alimletea maji yeye mwenyewe, akamwambia akapumzike nyumbani, akamtafutia na usafiri. Nilisema si mtu mbaya.

Jumanne, 13 Mei

Leo ndiyo siku nitakayoikumbuka.

Mafundi walikwenda kwa Bosi. Wote. Waliniambia niwepo kwa sababu mimi ni Profesa na Bosi ananipenda. Aliyesema ni Mama, kwa kuwa ni dada, ingawa mle ndani si dada.

"Bosi, tunaomba lile dirisha lifunguliwe. Liwekwe nondo, wezi wasipite, lakini hewa iingie. Tunakufa na joto mle."

Mama Mdogo hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitabasamu, akaingia ndani, akatoka na nakala yangu. Ameifunika kwa nailoni kama daftari la darasa la kwanza. Akalowesha kidole, akafungua palipokunjwa.

"Sikilizeni. 'Wahojiwa wote walieleza kuridhishwa na mazingira ya kazi, na hawakutaja lalamiko lolote.' Lolote! Hiki ni chuo kikuu kinasema, siyo mimi. Mtoto wangu mwenyewe kaja kawauliza, mmoja mmoja, kwa siri, mimi sipo. Mkasema sisi ni familia moja. Leo mtu mmoja ana kifua chake, ndiyo mje na dirisha?" Akaifunga. "Au mlimdanganya mtoto?"

Wangejibu nini? Wakisema hapana, dirisha limefungwa. Wakisema ndiyo, wamenifelisha. Nikawaona mmoja mmoja wakinitazama, na mmoja mmoja wakishusha macho, kwa ajili yangu. Bi Pasi ambaye hajawahi kukosa neno alikuwa anavuta uzi kwenye kanga yake.

Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nimesimama pale pale na mdomo wangu mzima. Sikuufungua.

"Haya, kazini," Mama Mdogo akasema. "Na wewe fundi wa mikono, nimekuona."

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kumwona Vifungo kwake. Amekaa kitandani ameegemea mito, nyundo yake iko mezani pamoja na dawa. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza, halafu akasema bila hasira, na hilo liliniuma zaidi:

"Sisi tuliona tunakuchangia maneno. Kumbe tumemchangia Bosi."

Nikamwambia kuna aya moja bado naweza kuiandika.

"Niliyokwambia kwenye mvua yapo pale pale," akasema. "Jina langu usiliguse."

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika ile aya, nimefuta, nimeandika. Mara ya kwanza nilisema "muda haukutosha". Wanafunzi wote husema muda haukutosha. Ningeacha hivyo, Bwana Kwa Nini asingeuliza hata kwa nini.

Niliyoiacha mwisho ni hii:

*Mtafiti ni mtoto wa mmoja wa wahojiwa, na mwenye karakana ni mama yake mdogo, ambaye mtafiti anaishi kwake. Wahojiwa walikubaliana majibu kabla ya mahojiano ili mtafiti apite. Kwa hiyo sura ya nne haionyeshi kwamba wafanyakazi hawana malalamiko. Inaonyesha kwamba hawana mahali pa kuyasema.*

Nilimsomea Mama jioni, anatoa uzi kwenye mkono wa shati uliokosewa. Nilimwambia kila kitu: kwamba naweza kushushwa alama, naweza kufelishwa kabisa nikarudia mwaka, na Mama Mdogo akiisoma hatuna pa kukaa. Nikamwambia akisema hapana naichana sasa hivi. Nadhani nilitaka aseme hapana.

Alikata uzi kwa meno.

"Umesema 'walikubaliana'. Watajiuliza nani aliwakubalisha, watamshuku Vifungo. Andika ni mama wa mtafiti. Mimi hanifukuzi kazi kwa kikohozi."

"Atakufukuza kwa hilo, Mama."

"Basi atakuwa amenifukuza mimi." Akaunyoosha ule mkono juu ya goti, akautazama kama bado una kasoro. "Halafu umesahau dirisha."

Jumamosi, 17 Mei

Mama alikaa na wenzake wakati wa chakula. Safari hii nilibaki nje nikipiga deki barazani. Alitoka akasema, "Wamekubali. Asitajwe mtu ila mimi." Nikaongeza dirisha: kwamba waliomba lifunguliwe, na wakakataliwa kwa kusomewa tasnifu hii.

Jumatatu, 19 Mei

Bwana Kwa Nini aliisoma aya akiwa amekaa, akainuka, akaisoma tena dirishani kwake. Kalamu nyekundu ilikuwa sikioni, hakuichukua.

"Unajua hii inaiangusha sura yako nzima?"

"Najua."

"Ulijua siku ya utetezi?"

"Nilijua."

Alinikalipia hapo kwa muda mrefu, na yote aliyosema yalikuwa haki yangu. Alisema nimemdanganya mtahini, nimemdanganya yeye, na kwamba ningekuja mapema angenisaidia kuandika jambo la maana kuliko lile nililoliandika. Mwisho akakaa. "Nitaipeleka kwa mtahini. Siahidi kitu."

Sikutegemea kuahidiwa.

Ijumaa, 23 Mei

Kimya. Mvua inapungua, inanyesha asubuhi tu.

Jumanne, 27 Mei

Nimepita. Kwa tundu la sindano, lakini nimepita. Ile alama ya juu imekwenda, wamenipa ya chini kabisa inayokubalika, na barua ya onyo juu yake. Kwa alama hii hakuna atakayenichukua shahada ya pili, na ile kazi ya utafiti idarani niliyokuwa naiota nimesikia amepewa mwingine. Nimekaa ngazini chuoni mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna msiba.

Mama nilipomwambia akauliza swali moja. "Lakini shahada unayo?"

"Ninayo."

"Basi kiti chao wakae nacho."

Ijumaa, 30 Mei

Mama Mdogo alikuwa akiulizia "kitabu chenye jalada" tangu wiki iliyopita. Ameandaa nyundo na msumari wa kukitundika ukutani. Leo asubuhi niliingia nacho karakanani. Vifungo amerudi kazini, amekonda, kitambaa mdomoni. Mama Mdogo alisimamisha cherehani zote.

"Tusomee, msomi wetu! Soma pale pa familia moja."

Nilifungua ukurasa wa mipaka. Nikasoma mstari wa kwanza, nikaishia hapo. Nikaanza tena, nikaishia pale pale. Mama akainuka kwenye cherehani yake, akavaa miwani, akanipokonya kitabu taratibu. Akasoma. Mama husoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari, na kwa polepole ile hakuna aliyekosa kitu. Alipofika "wakiongozwa na mama wa mtafiti" hakupunguza sauti. Akasoma mpaka dirisha, mpaka nukta ya mwisho.

Mama Mdogo alikuwa bado ameshika nyundo ya kutundikia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mbele ya wageni, na nilimhurumia, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

"Dada," akasema. Mle ndani sijawahi kumsikia akimwita hivyo. "Haya umeyapanga wewe?"

"Ndiyo, mdogo wangu."

Hakusema Bosi. Nadhani kila mtu alilisikia hilo kabla ya kusikia lingine.

"Nimewapa nyumba. Nimemlea mtoto wako kama wangu."

"Umemlea. Nakushukuru na nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini lile dirisha, mdogo wangu, watu wanakufa."

Mama Mdogo alisema mwisho wa Juni tuwe tumepata pa kwenda. Alisema kwa sauti ndogo, akaweka nyundo mezani, akatoka, mlango wa nyumba ukafungwa. Nilidhani watalia, au watatulaumu. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa.

Vifungo aliinuka. Akachukua nyundo yake, ile ndogo, akaenda dirishani, akachomeka makucha chini ya msumari wa kwanza. Alikohoa, akapumzika, akachomeka tena. Bi Pasi akaacha pasi akaenda kumshikia ubao. Fundi wa kola akafuata. Ubao ulitoka na vumbi la miaka miwili, na mvua ile ya asubuhi ikaingia moja kwa moja juu ya meza, baridi, na wanawake wote wakainua nyuso.

Mama alikuwa amesharudi kwenye kiti chake.

"Sogezeni vitambaa," akasema, "vitalowa."